Sindano na Bustani: Maisha ya Mtakatifu Rosa wa Lima

Wapenzi wakatekumeni, kila mwaka tarehe 23 Agosti Kanisa hufanya sikukuu ya Mtakatifu Rosa wa Lima. Huko kwao Peru sikukuu yake ni tarehe 30 ya mwezi huo huo. Wengi wenu mmekwisha kulisikia jina lake, na labda katika kijiji chenu yuko mama au dada aliyebatizwa kwa jina hilo. Lakini maisha yake si wengi wayajuao.

Watu hudhani mara nyingi kwamba mtakatifu ni mtu aliyeishi mbali na jiko, mbali na madeni, mbali na maneno ya nyumbani. Rosa hakuishi hivyo. Alikaa katika nyumba yenye watoto wengi na fedha chache. Alishona, akalima maua, akauza kazi ya mikono yake, akawalisha wazazi wake na wagonjwa wa mtaani. Basi leo tusimulie alivyofanya, ili tuone jinsi sindano moja na kipande kidogo cha bustani vilivyomfanya msichana maskini kuwa mtu huru, na jinsi uhuru huo ulivyomfikisha kwa Mungu.

Mtoto wa askari

Lima ni mji mkuu wa nchi ya Peru, katika Amerika ya Kusini, karibu na bahari kubwa ya Pasifiki. Wahispania waliuanzisha mwaka 1535, baada ya kuwashinda Wainka waliokuwa wenye nchi. Tangu hapo gavana mkuu aliitawala Peru kwa jina la mfalme wa Hispania. Mwaka 1614 watu wa Lima walihesabiwa, wakaonekana zaidi ya 25,000. Na katika hao zaidi ya 10,000 walikuwa Waafrika na wazao wao. Walikuwa wamechukuliwa utumwani na kuvushwa bahari, wengine kutoka nchi za Kongo na Angola. Tusiwasahau, kwani tutawakuta tena nyumbani kwa Rosa.

Katika mji huo, mwezi wa Aprili mwaka 1586, María de Oliva alimzalia mumewe, Gaspar Flores, mtoto wa kike. Gaspar alikuwa askari wa bunduki katika kikosi cha gavana. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na watoto walizidi kuongezeka. Huyu alibatizwa kwa jina la Isabel, jina la nyanya yake aliyemzaa mama yake.

Yasimuliwa kwamba mtoto alipokuwa angali mchanga, mtumishi mmoja wa nyumba ile, mwenyeji wa nchi aitwaye Mariana, aliona uso wake umependeza kama ua la waridi. Kwa Kihispania ua hilo huitwa rosa. Mama akafurahi sana, akamwita mtoto Rosa tangu siku ile. Nyanya naye akachukizwa, akiona jina lake limetupwa. Kwa muda mrefu maskini mtoto hakujua aitike jina lipi: akiitika moja, nyanya alimkaripia, akiitika lingine, mama alimkaripia. Mwaka 1597 askofu mkuu wa Lima, Toribio de Mogrovejo, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1726, alimpa Sakramenti ya Kipaimara akamwita Rosa. Ugomvi wa jina ukaisha.

Kipaimara hicho alikipata Quives, mahali palipo katika bonde la milimani, mbali na Lima. Baba yake alikuwa amepewa huko usimamizi wa kazi ya madini ya fedha. Katika nchi ile nzima wenyeji walishurutishwa kufanya kazi ngumu ya machimbo, na faida ilikwenda kwa wengine. Huko Quives Rosa alipatwa na ugonjwa uliokakamaza mikono na miguu yake. Mama akamtia dawa kali iliyomchubua ngozi, na mtoto akavumilia bila kulalamika. Alipopona, mikono ile ile iliyokuwa imekakamaa ndiyo iliyokuja kuitegemeza nyumba.

Kazi aliyoipenda

Jamaa ya Gaspar walirudi Lima, na fedha ya madini haikuwa imewatajirisha. Chakula kilipatikana kwa shida. Rosa alikuwa sasa amekua. Hakuwa na elimu kubwa, ijapokuwa alijua kusoma na kuandika. Hakuwa na biashara wala mali ya urithi. Alikuwa na vitu viwili tu alivyovipenda tangu utoto wake: uzi na maua.

Alipokuwa mtoto, wakati wenzake walipocheza, yeye alipenda kukaa bustanini nyuma ya nyumba. Pamoja na kaka yake alijenga kule kibanda cha matawi, akakitia mapambo, akasali humo. Alijifunza pia kushona na kudarizi, akaizoea sindano hata vidole vyake vikawa vyepesi sana. Mambo hayo aliyafanya kwanza kwa kuyapenda, bila kuwaza faida. Lakini nyumba ilipopungukiwa, akafahamu kwamba kipaji kilichomfurahisha utotoni chaweza kuwa chakula cha wazazi wake. Hakungoja apate mtaji mkubwa. Alianza na alichokuwa nacho mkononi.

Mji wa Lima ulikuwa na makanisa mengi na nyumba nyingi za watawa, nako kote kulihitajiwa vitambaa vya altare na mavazi ya Misa yenye mapambo. Tena wake za matajiri walipenda nguo zenye nakshi. Nyuzi za hariri zililetwa kwa merikebu kutoka China, kupitia visiwa vya Filipino na nchi ya Meksiko, hata zikafika Peru. Rosa alizichukua nyuzi hizo, akadarizi juu ya kitambaa maua na majani kwa uzuri ambao watu waliustaajabia. Kazi yake ilitafutwa, kwani ilikuwa safi tena imara.

Kazi ya pili ilikuwa bustani. Na hapo, wasomaji, inafaa mjue jambo moja. Katika nchi yetu mvua hunyesha kwa wingi, na mwenye jembe hakosi kuotesha kitu. Lima sivyo. Miezi mingi mji hufunikwa na ukungu, lakini mvua yenyewe karibu hainyeshi. Ardhi ni kame kama jangwa. Maji hutoka katika mto Rímac, ushukao kutoka milimani, na wakati ule yaliletwa mashambani na bustanini kwa mifereji. Apendaye kuona ua Lima hana budi kulinywesha kwa mikono yake, leo na kesho na kesho kutwa. Rosa alifanya hivyo kwa uvumilivu. Alipanda, akapalilia, akamwagia maji. Maua yakachanua, akayafunga mafungu mafungu. Mariana, yule mtumishi aliyemwona kama waridi utotoni, ndiye aliyeyachukua sokoni kuyauza. Fedha iliyopatikana ililetwa nyumbani.

Faida ya kila siku ilikuwa ndogo. Lakini wazee wetu husema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mafungu ya maua ya leo, kitambaa cha juma zima, na tena mafungu ya kesho: hivyo ndivyo nyumba ya askari yule ilivyopata riziki yake.

Waandishi wa maisha yake wasimulia kwamba aliigawa siku yake kwa utaratibu mkali: saa nyingi za sala, saa kumi hivi za kazi, na usingizi kidogo mno. Watu walishangaa kuona kwamba msichana aliyesali muda mrefu namna ile alimaliza kazi nyingi kupita wenzake wasiosali. Siri yake haikuwa uchawi wala muujiza. Alipokaa kazini, alikuwa kazini. Hakuacha kitambaa ili aende kusikiliza maneno ya jirani. Na roho yake ilikuwa kwa Mungu wakati ule mkono wake ulipokuwa ukivuta uzi. Kwa hiyo kazi haikuiba sala, wala sala haikuiba kazi.

Mama na binti

Rosa alikuwa msichana mzuri, na mama yake alilijua hilo. Mama huyu hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda watoto wake, naye alichoka kwa umaskini. Akawaza kama wazazi wengi wanavyowaza: kumbe binti huyu akiolewa na mtu mwenye mali, nyumba yetu itainuka. Wachumba walikuja. Mama akampamba Rosa, akamtembeza kwa wageni, akamwekea shada la maua kichwani.

Lakini Rosa alikuwa amemtolea Kristu ubikira wake tangu utoto. Alikuwa amesikia habari za Mtakatifu Katarina wa Siena, akataka kumfuata. Alikata nywele zake nzuri, ili watu wasimtamani. Mama akakasirika, ndugu nao wakamlaumu. Alikaripiwa, akapigwa, akaitwa mpumbavu na mtoto asiyependa wazazi. Jaribu hilo lilidumu miaka mingi.

Ndugu msomaji, fikiri vema juu ya shida hiyo. Amri ya nne ya Mungu yatuamuru kuwaheshimu baba na mama. Rosa aliijua amri hiyo, akaitii. Hakutoroka nyumbani, wala hakumrudishia mama yake maneno mabaya. Lakini alijua pia kwamba roho ya mtu si mali ya kuuzwa, na kwamba hakuna mtu awezaye kumpa binti kwa mume bila ukubali wake mwenyewe. Ndivyo Kanisa lifundishavyo hata leo: ndoa isiyo na hiari ya wote wawili si ndoa.

Basi alifanyaje? Aliongeza kazi. Ikiwa wazazi walimhitaji mkwe tajiri ili wapate chakula, yeye alitaka chakula hicho kitoke katika sindano yake. Alikesha usiku akidarizi karibu na taa. Alfajiri alikuwa bustanini. Hakubishana sana kwa maneno. Aliweka fedha mezani. Fedha ile ndogo ilisema kuliko mdomo. Ilionyesha kwamba binti aliyekataa mume hakukataa wajibu wake kwa wazazi.

Baadaye alifikiri kuingia katika nyumba ya watawa. Yasimuliwa kwamba siku ya kwenda huko alipita katika kanisa la Mapadri Wadominiko kumwaga Bikira Maria wa Rozari. Akapiga magoti, na alipotaka kuinuka akashindwa, kana kwamba magoti yamefungwa sakafuni. Kaka yake akamvuta kwa mkono, asiweze. Ndipo Rosa alipofahamu kwamba Mungu alimtaka abaki nyumbani kwa wazazi wake. Alipoahidi kurudi kwa mama yake, akainuka bila shida. Mwaka 1606, alipokuwa na miaka 20, akapokea vazi jeupe la Shirika la Tatu la Mtakatifu Dominiko. Wafuasi wa shirika hilo huweza kukaa nyumbani kwao, wakifanya kazi zao na kushika kanuni ya sala. Hivyo akawa mtumishi wa Mungu bila kuiacha bustani.

Kijumba cha bustanini

Huko bustanini Rosa alijenga kijumba kidogo, na kaka yake akamsaidia. Kilikuwa chembamba mno. Mtu mmoja aliweza kukaa na kupiga magoti, basi. Humo alisali, humo alidarizi. Hakikuwa na mapambo wala viti vya wageni.

Watu wa Lima husimulia habari ya mbu wa kijumba kile. Mahali penye maua na maji hapakosi mbu, ninyi mwajua. Waliotembelea kijumba walirudi wakijikuna, lakini Rosa hakuumwa. Yasemekana alikuwa amefanya agano nao: yeye hatawaua, nao hawatamwuma; bali asubuhi na jioni watalia pamoja naye kumsifu Muumba. Waweza kucheka kidogo, wala si dhambi. Lakini tazama moyo wa mtu ambaye hata mdudu msumbufu alimkumbusha Mungu.

Habari nyingine ni ya mrehani. Rosa alikuwa na mche mmoja wa mrehani alioupenda kupita yote, akautunza kila siku kwa furaha. Asubuhi moja akaukuta umekauka, umeng'olewa mizizi. Alihuzunika sana. Katika sala akafahamu kwamba Bwana Yezu mwenyewe aliutaka moyo wake wote, wala hakupenda mmea uchukue sehemu. Habari hiyo ina funzo kwa kila fundi. Ni vizuri kuipenda kazi ya mikono yako. Lakini kazi ikikamata moyo mzima, hata huna tena nafasi ya Mungu wala ya mwenzako, jua kwamba mche wako umekwisha kuwa sanamu.

Fedha yake ilikwenda wapi

Wako watu wajinyimao ili wajaze sanduku. Hao twawaita mabahili. Rosa alijinyima kwa sababu nyingine. Alikula kidogo, mkate na mboga, akaacha nyama. Alivaa vazi moja la shirika lake. Hakununua kitu kwa ajili ya kuonekana. Kwa njia hiyo fedha ndogo ilibaki, na iliyobaki aliigawa: kwanza kwa nyumba ya wazazi, halafu kwa maskini.

Katika nyumba ya baba yake alitenga chumba kwa ajili ya wagonjwa wasio na mtu wa kuwatunza. Aliwaokota mahali walipotupwa, akawaleta, akawaosha vidonda, akawapa chakula na dawa. Walikuwa wenyeji wa nchi, walikuwa wazee na yatima, walikuwa pia Waafrika watumwa, ambao mabwana waliwatumia siku za nguvu na kuwasahau siku za ugonjwa. Yule mwana wa Kongo aliyevushwa bahari kwa minyororo, asiyekuwa na baba wala mama Lima, katika chumba kile angeweza kumkuta mtu wa kumwosha miguu. Mama María alilalamika kwamba nyumba imejaa wagonjwa na harufu. Rosa alimtuliza kwa upole, akaendelea. Dawa zile, mkate ule, vitambaa vile vya vidonda, vilitoka wapi? Katika sindano na katika maua.

Siku zile zile, katika konventi ya Wadominiko ya Lima, aliishi Bruda Martín de Porres, aliyezaliwa mwaka 1579. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke wa ukoo wa Kiafrika aliyetolewa utumwani. Martín naye alikuwa amejifunza kazi ya mikono: kinyozi na mganga wa vidonda, kwani wakati ule kazi hizo mbili zilikwenda pamoja. Kwa wembe wake na dawa zake aliwatumikia maskini wote bila kubagua rangi. Baba Mtakatifu Yohane wa Ishirini na Tatu alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1962. Angalieni basi: mji mmoja, wakati mmoja, watakatifu wawili, na kila mmoja alimfuata Kristu akiwa na kifaa cha kazi mkononi.

Lazima tuseme neno moja la hadhari. Rosa aliutesa mwili wake kwa malipizi makali sana, kwa kufunga na kulala juu ya mbao na kujiumiza. Alifanya hivyo kwa kuwaza mateso ya Bwana na dhambi za watu. Lakini Kanisa halimwamuru mkatekumeni kumwiga katika hayo. Mwili ni kipaji cha Mungu, na mwenye kutaka kufunga kupita desturi aombe kwanza shauri kwa padri. Kitu tunachopaswa kukiiga wote ni mapendo yake, kazi yake, na kiasi chake.

Kifo chake

Miaka ya mwisho Rosa aliishi nyumbani kwa mkubwa mmoja wa hazina ya mfalme, Gonzalo de la Maza, na mkewe María de Uzátegui, waliompenda kama mtoto wao. Nyumba hiyo ilikuwa na mali, lakini Rosa hakubadili desturi zake. Aliendelea kushona na kusali, naye hakutaka kula mkate wa bure.

Nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Aliugua kwa maumivu makubwa, akaomba Mungu amwongezee uvumilivu kadiri ya mateso. Akafa tarehe 24 Agosti mwaka 1617, siku ya Mtakatifu Bartolomeo, naye alikuwa na miaka 31 tu.

Ndipo mji wa Lima ulipojua ni nani aliyekuwa akikaa katikati yake. Watu walifurika, wakubwa na watumwa pamoja, kila mtu akitaka kugusa mwili wake. Wengi walikata vipande vya vazi lake ili wavihifadhi, hata ikawa lazima kumvika vazi jipya mara kadhaa. Yule aliyewashonea wengine nguo maisha yake yote, siku ya maziko wengine walimvika. Alizikwa kwa Wadominiko, nako ndiko kaburi lake liliko mpaka leo, karibu na Martín de Porres.

Tarehe 12 Aprili mwaka 1671 Papa Klementi wa Kumi alimtangaza kuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa katika nchi za Amerika kupata heshima hiyo. Na mama yake, yule aliyempiga na kumkaripia? Mumewe alipokufa, María de Oliva aliingia utawa Lima, katika nyumba ya Mtakatifu Katarina wa Siena iliyofunguliwa mwaka 1624, nyumba ambayo Rosa alikuwa ametabiri kwamba itajengwa. Hivyo mama aliyeikataa njia ya binti yake alimaliza maisha yake katika njia ile ile. Wazazi wa wakatekumeni wanaopingwa nyumbani kwa sababu ya imani, na wakatekumeni wenyewe, walitafakari jambo hilo.

Nasi tufanye nini?

Wapenzi, Bwana wetu Yezu Kristu alifanya kazi ya seremala Nazareti kabla hajaanza kuhubiri. Mtume Paulo alishona mahema huko Korinto, ili asiwe mzigo kwa Wakristu. Rosa alishika njia hiyo hiyo. Nanyi kijijini hamkosi mlango wa kuingilia.

Huyu ajua kusuka vikapu na mikeka ya ukindu. Yule ajua kufinyanga vyungu. Wa tatu ameshika sindano, afuma vitambaa vya meza. Wa nne achonga mipini ya majembe na vijiti vya kukorogea ugali. Wa tano ana miche ya matunda nyuma ya nyumba. Huifanya kazi hiyo jioni, kwa kujifurahisha, halafu huitupa pembeni. Usiitupe. Imalize vizuri, uipeleke sokoni.

Ukifanya hivyo, shika mambo haya. Fanya kazi yako safi hata mahali pasipoonekana, kwani Mungu huona upande wa nyuma wa kitambaa. Toza bei ya haki, wala usimdanganye mtu kwa rangi ya juu. Ukiahidi siku, timiza siku. Usiache shamba lako la mihogo kwa ajili ya kikapu, bali kikapu kijalize shamba. Fedha ikipatikana, usikimbilie pombe wala nguo ya kujionyesha. Weka kwanza ya chumvi na sabuni, ya dawa na ya shule ya watoto. Na katika iliyobaki, hata ikiwa franka chache, toa fungu la mgonjwa au mjane aliye karibu nawe. Usiseme kwamba utatoa siku utakapokuwa tajiri. Rosa hakuwa tajiri hata siku moja.

Hasa ninyi vijana wa kike, jueni kwamba mikono yenye kazi ni ngao. Msichana ajuaye kuleta riziki nyumbani halazimiki kukubali mume asiyemtaka, wala zawadi za mwanamume mwenye nia mbaya. Nanyi akina baba, mkimwona binti yenu ameinama juu ya uzi wake, msidharau. Msihesabu tu mahari atakayowaletea siku moja. Hesabuni pia mema anayowatendea kila siku.

Huko Lima bustani ya Rosa ingaliko, na kijumba chake, na kisima. Siku ya sikukuu yake maelfu ya watu hufika, wakatumbukiza kisimani barua za maombi yao. Sisi tuko mbali, lakini maombi hayahitaji merikebu. Jioni ya leo, kabla ya kushika kazi ya mikono yako, fanya ishara ya Msalaba, umtolee Mungu kila fundo la uzi na kila ukindu utakaousuka.

Mtakatifu Rosa wa Lima, utuombee.